Vidole Juu

Wasichana wa shule humwita mama yangu Mama Vidole, na wanadhani hajui. Anajua sana. Anawaacha tu, kwa sababu jina lenyewe linawakumbusha sheria yake kila linapotajwa, na mama anapenda sheria zake zikumbukwe.

Kazi anayolipwa ni kufundisha hesabu. Saa tisa na nusu kengele ikilia anavua viatu vya darasani, anavaa raba, anajitundika filimbi shingoni na kushuka nyuma ya mabweni kufundisha hoki. Amefanya hivyo miaka ishirini na sita. Pale chini pana eneo la changarawe ambalo kuliita uwanja ni kulipa heshima. Greda lilipita mara moja, zamani, na tangu hapo mvua imechonga mifereji ya kila aina. Mpira uliopigwa chini chini unaweza kukuibukia puani. Kila Jumatatu wasichana huokota mawe kwa ndoo kabla ya kuanza mazoezi, na Jumatatu inayofuata wanayakuta mengine.

Sheria yenyewe ni ya mabeki. Beki akitaka kuziba njia ya mpira hulaza chini gongo lake la kuchezea, na mkono wa kushoto, unaoshika mwisho wa gongo, unashuka nalo mpaka vidole viguse ardhi. Kwenye changarawe mkono ukigusa ardhi unachunika. Mwaka wa kwanza wa mama msichana mmoja alichunika mpaka mfupa ukaonekana, kidonda kikaoza, akalazwa wiki mbili. Baba yake alikuja shuleni, hakugombana na mtu, aliuliza tu kama hoki ni mchezo wa watoto wa watu au wa wanyama. Mama hakulisahau swali hilo. Kuanzia siku hiyo hakuna mkono uliokaribia ardhi. Gongo lisimame, miguu ikae nyuma ya mpira, mwili ndio uzibe. "Vidole juu," alikuwa akipiga kelele, na atakayerudi na damu kwenye vidole hachezi siku tatu. Kwa njia hiyo alitengeneza mabeki ambao timu za shule nyingine zilikuwa zikiwakwepa kabla hata mechi haijaanza.

Sita kati yao waliitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Sita walirudi. Barua walizorudi nazo ziliandikwa na kocha mkuu yuleyule, na kila barua ilikuwa na neno lilelile: anasita.

Mimi, binti yake, nilikuwa wa tatu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama alinipokea kituo cha basi, akaisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne. "Uliogopa," akasema, na tukaenda nyumbani. Hakulirudia tena neno hilo, wala halikuhitaji kurudiwa. Gongo langu nikaliachia shule. Baada ya hapo kila nilipoitwa kwenye usaili nilikuwa nimeshindwa kabla ya kukaa kitini, maana mtu asiyekosea alishaniambia mimi ni nani. Mwishowe nikawa mwalimu wa udereva. Ni kazi nzuri kwa mwoga, kwa sababu unakaa upande wa abiria na una breki yako mwenyewe.

Miaka kumi na moja ikapita, akatokea Komeo.

Komeo ana miaka kumi na saba, analelewa na shangazi yake mshonaji, na alipewa jina hilo kwa sababu hapitiki. Ni mfupi, mgongo mpana, na ana tabia ya kufika mahali kabla mpira haujaamua kwenda huko. Barua ya kumwita ilipokuja mama aliisoma mbele ya ofisi ya walimu kisha akaisoma tena tangu mwanzo. Walioitwa walikuwa arobaini. Baada ya siku tatu wangebaki ishirini na wanne, wakae kambini miezi mitatu, na kutoka hapo wachaguliwe kumi na wanane wa kwenda mashindano ya vijana ya dunia. Mama anastaafu mwisho wa mwaka huu. Komeo ndiye alikuwa wa mwisho, na mama alijua kwamba watu wakimkumbuka watamkumbuka kwa barua ya saba.

Mara zote sita mama hakumsindikiza mchezaji. Alikuwa akisema mwalimu akiwepo, mchezaji anacheza kwa ajili ya mwalimu. Safari hii alinipigia simu mwenyewe, akaniuliza kama gari la shule ya udereva linaweza kwenda mwendo wa saa sita bila kufia njiani. Niliomba likizo ya siku nne. Alikaa mbele, penye breki ya mwalimu, na nilimwonya asiiguse. Aliikanyaga mara mbili kabla hatujatoka mjini, na mara zote mbili alisema nilikuwa nakimbiza. Komeo nyuma alikuwa ameshika gongo lake katikati ya magoti mpaka tulipofika.

Uwanja wa taifa wa hoki una kapeti la buluu, la nyasi za plastiki. Kabla ya mchezo wanalimwagilia maji kwa mabomba makubwa mpaka linang'aa, ili mpira uteleze. Mimi nililikumbuka. Mama alikuwa hajawahi kuliona ila kwenye simu, na alilitazama kupitia wavu wa uzio huku amekunja mikono.

Mechi ya kwanza ya mazoezi ilikuwa mateso. Komeo alifika kwenye kila mpira, na mipira ikampita. Ilikuwa inateleza chini kwa kasi ambayo changarawe haimpi mtu, ikipita chini ya gongo lake lililosimama. Mara ya pili alijaribu kulilaza. Niliuona mkono wake ukishuka haraka, kisha ukakwama shubiri moja juu ya kapeti na kurudi juu wenyewe. Goli. Mara ya tatu hivyohivyo. Goli lingine. Kocha mkuu, bwana mmoja mrefu mwenye kofia, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Na huyu naye," mama akasema kwa sauti ndogo. "Na huyu naye anaogopa."

Ilikuwa kana kwamba ni mimi nimeambiwa. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa yule mtoto, nao haukuniingia akilini. Nimefundisha watu wengi kuendesha gari na woga naujua. Mwoga anafunga breki mapema, au anaganda kabisa. Kuna mwingine aliyejifunzia gari jingine: huyo anakwenda kwa haraka na kwa uhakika, anakanyaga palepale alipozoea, na pale si penyewe. Komeo hakuwa ameganda. Alijitupa kwenye kila mpira. Na mkono wake ulikwama urefu uleule, kila mara, kama umewekewa kizuizi. Woga hauna vipimo hivyo.

Ndipo nikawatazama wengine. Wote walikuwa wanagusa kapeti kwa vidole, bila hata kufikiri. Wengi walivaa glovu mkono wa kushoto tu. Mama aliwahi kuziona glovu hizo kwenye simu akasema ni madoido.

Nilishika wavu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana nilikuwa nimeukumbuka mkono wangu mwenyewe.

Mchezo ulipoisha kocha mkuu alikuja kwenye uzio kumwamkia mama. Alimpa heshima yake yote. Alisema msichana ana mbio, ana macho, ila anasita. Angemtazama kesho na kesho kutwa asubuhi, na kesho kutwa saa saba majina yangesomwa. Mama alimshukuru. Komeo alipotoka, amelowa mpaka kiunoni, mama alianza hotuba niliyoijua.

"Mama, usimwambie hivyo," nikasema.

"Wewe unajua nini cha hoki siku hizi?"

"Najua kwa sababu mimi uliniambia hivyohivyo."

Komeo akatazama chini. Nilimwomba alaze gongo hapo hapo penye saruji. Akainama, mkono ukashuka, ukakwama. Nikamuuliza kwa nini amesimama hapo. Akasema hajui, akasema hapo ndipo mwisho. Nikamgeukia mama nikamwambia hapo ndipo mwisho alipopaweka yeye. Alinijibu kwamba sheria ile imeokoa mikono ya watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita, na kwamba zile nyasi za plastiki zinachuna kuliko hata changarawe, kila mtu anajua.

"Umewahi kuzishika?"

Aligeuka kulitazama kapeti. Ndani, mtunza uwanja alikuwa anakunja mabomba. Nilimwomba atupe dakika kumi. Alitutazama, akamtazama mama na filimbi yake, akasema tufute viatu kwanza.

Mama aliingia kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Alichuchumaa pembeni, akaweka kiganja kwenye kapeti, kisha akakunja ngumi na kusugua vidole. Akavitazama. Vilikuwa na maji tu. Akasugua tena, kwa nguvu, kama anayetoa doa, akavitazama tena. Vilikuwa vyekundu kidogo.

"Halichuni," akasema.

Alibaki amechuchumaa. Sijawahi kumwona mama akikosa la kufanya. Hata msibani huwa anagawa kazi. Kisha akamwambia Komeo amletee gongo. Alipiga magoti yote mawili, polepole, akalilaza gongo mpaka vidole vyake vya miaka hamsini na tisa vikagusa maji, akamwambia Komeo amsukumie mpira kwa mkono. Mpira ulikuja, ukagonga gongo, ukatulia.

"Zamu yako. Vidole chini."

Komeo alicheka, na kilikuwa kicheko cha hofu. Maneno yale kutoka mdomo ule yalikuwa hayajawahi kusikika. Alijaribu mara tano. Kila mara mkono ulikwama na macho yakaenda usoni mwa mama. Kisha mtunza uwanja akasema muda umekwisha.

Siku ya pili mambo yalikuwa nusu kwa nusu, na nusu ni mbaya kuliko sifuri. Mipira miwili Komeo aliizuia kwa vidole chini kabisa, nikadhani tumevuka. Minne ilimpita. Na hata ile aliyoizuia, kabla hajasimama aligeuza kichwa kwenye uzio, kutazama kama amekosea, na katika kugeuka huko mshambuliaji akaupora mpira wa pili na kufunga. Kocha mkuu aliandika tena.

"Ananitazama mimi," mama akasema.

Nilimwambia ndiyo. Akaondoka. Alikwenda kwenye gari, akakaa kiti cha nyuma, mgongo kwa uwanja, akabaki huko mpaka mwisho. Mwanamke huyu alikuja kwenye mazoezi siku mbili baada ya kumzika mume wake, kwa sababu kulikuwa na mechi Jumamosi.

Jioni ile, kabla ya chakula, aliomba ufunguo wa chumba cha kufulia cha hosteli tuliyofikia. Sakafu yake ina vigae. Tulimwaga maji ya sabuni, mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akawa anamsukumia Komeo mpira, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anahesabu. Kwenye sabini na kitu Komeo alianza kulia bila kuacha kuinama. Mama aliushika mpira.

"Sikiliza, mwanangu. Huogopi. Kosa si lako, ni langu. Nilikufundisha kwa uwanja wetu, nikadhani kila uwanja ni uwanja wetu. Ukiweka mkono chini hunikosei. Umesikia?"

Komeo akasema amesikia. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wa kusukumia maji, hatua mbili kutoka kwa mama. Hakunitazama. Aliendelea kuhesabu mpaka mia mbili.

Asubuhi ya tatu mama hakufika hata kwenye uzio. Alisema nimwambie matokeo tu, na nisimweleze kitu katikati, akajifungia kwenye gari. Nilisimama peke yangu. Nusu ya kwanza Komeo aliachwa benchi, na nilianza kupanga maneno ya kumwambia shangazi yake. Aliingizwa zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Mpira wa kwanza ulimpita. Nilifumba macho. Wa pili aliuzuia kwa mwili, kizamani, ukamuumiza ubavu. Kisha timu yake ikapoteza mpira katikati, na mshambuliaji mmoja, msichana mrefu ambaye siku zote tatu hakuna aliyemweza, akaja peke yake. Kulikuwa na yeye, Komeo na kipa.

Yule msichana alidanganya kulia, akapiga kushoto, chini kabisa. Komeo alishuka. Gongo lililala lote, na kishindo cha mpira kugonga mbao nilikisikia mpaka nje ya uzio. Alikuwa chini, goti moja, vidole kwenye maji. Hakugeuka. Alisimama na mpira, akatafuta wa kumpa, akampa.

Baada ya hapo alizuia mitatu na ukampita mmoja.

Saa saba majina yalisomwa kwa namba za jezi. Ishirini na mbili zilisomwa, yeye hakuwemo. Ya ishirini na tatu haikuwa yake. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea kwenye gari niliposikia namba yake, na nilirudi kuhakikisha, nikamwona amekaa chini kwenye kapeti na mikono kichwani.

Niligonga kioo. Nilimwambia mama amebaki. Aliinamisha paji la uso kwenye kiti cha mbele akabaki hivyo mpaka kocha mkuu alipotufuata. Alikuja kumpongeza. Alisema amefurahi, maana mabeki wa mama wote aliowaona walikuwa hivi hivi, mkono unashuka nusu, mpaka akawa anadhani ndivyo walivyo watu wa kwetu.

"Sita," mama akasema. "Na hukuniuliza hata mara moja?"

"Na wewe, mwalimu, hukuja hata mara moja."

Wote wawili walikuwa sahihi, na nilitamani kuwapiga wote wawili.

Tulimwacha Komeo na begi lake na glovu moja aliyonunuliwa na mama dukani nje ya uwanja. Tulikuwa tumeshakwenda karibu saa nzima. Mama akatoa simu. Namba za mabeki wake wa zamani anazo kichwani, yeye ni mtu wa hesabu. Alimpigia wa kwanza, ambaye sasa anauza dawa kwenye duka la dawa. Alimsalimu, akamwambia: "Hukuogopa. Nilikufundisha vibaya." Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza kama mwalimu anaumwa. Wa pili alicheka, akasema mwalimu, hayo ni ya zamani, akacheka tena, halafu kicheko kikamkatikia. Mmoja hakupatikana. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho na kusema kwamba wiki iliyopita tu alimwambia binti yake asicheze hoki, kwa kuwa woga upo kwenye ukoo. Mama alimwambia amwite huyo mtoto, akarudia maneno yaleyale kwa mtoto. Wa mwisho alimshukuru kwa adabu na kukata simu.

Alihesabu kwa vidole. Watano, mmoja wa kurudia.

"Bado mmoja," akasema. "Simamisha gari."

Nilisogea kando ya barabara. Nilikuwa nimelisubiri neno lake kwangu tangu chumba cha kufulia, na lilipokaribia nikaona afadhali lisingekuja, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuliweka.

"Hukuogopa," mama akasema. "Ulirudi umevunjika moyo, nikakuvunja tena. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia yameisha. Hayajaisha. Nina miaka ishirini na tisa, na hakuna kapeti la buluu linalonisubiri.

"Mama, mimi nilikuamini."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana mkono wako haukushuka."

Niliwasha indiketa nirudi barabarani. Kisha nikaizima, kwa sababu sikuwa naona mbele.